Siku Njema Huonekana Jioni



Wahenga walituachia methali isemayo kwamba siku njema huonekana asubuhi. Sisi wenyewe tumeitumia mara nyingi mimbarini, hasa tunapozungumza na wazazi juu ya malezi ya watoto wadogo, wala hatuna nia ya kuikana leo. Hata hivyo, ipo filamu moja ya kuchekesha ambayo kila tuitazamapo hutulazimisha kuiuliza methali hiyo swali gumu. Katika filamu hiyo asubuhi ni ile ile: saa ile ile, wimbo ule ule redioni, baridi ile ile dirishani. Lakini jioni zake hazifanani. Jioni moja mtu analala mahabusu, nyingine anapigwa kofi, nyingine amekata tamaa ya kuishi, na nyingine mji mzima unamshangilia. Asubuhi haikusema lolote juu ya hayo yote.

Filamu hiyo yaitwa Groundhog Day. Ilitoka Marekani mwezi Februari mwaka 1993, ikiongozwa na Harold Ramis, ambaye aliiandika pamoja na Danny Rubin, mwenye wazo la kwanza. Bill Murray na Andie MacDowell ndio wahusika wakuu. Ni filamu ya mapenzi na vichekesho, yenye jambo moja la ajabu ndani yake, nayo haina shabaha ya kuhubiri. Tunajua wapo watakaouliza paroko ana nini na filamu za mapenzi. Swali hilo ni halali. Jibu letu ni kwamba watu tunaowahudumia hutazama filamu za mapenzi kuliko wanavyosoma barua za kichungaji, nao hujifunza humo nini maana ya kupenda, wapende wasipende. Basi ikipatikana moja inayofundisha vema, si haki mchungaji kunyamaza juu yake. Tena hatukuwa wa kwanza kuliona hilo. Mwaka 2003 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yaliiweka katika mfululizo wa filamu zinazohusu imani, na Ramis mwenyewe alisimulia jinsi marabi, Wajesuiti na Wabuddha walivyomletea salamu, kila mmoja akiamini kwamba filamu hiyo inasema yale yale anayoyafundisha yeye.

Kwa faida ya wale ambao hawajaiona, tueleze kisa kwa kifupi. Phil Connors ni mtangazaji wa habari za hali ya hewa katika kituo cha televisheni mjini Pittsburgh. Ni mtu mwenye ulimi mwepesi, mwenye dharau, anayejiona mkubwa kuliko kazi yake. Kila mwaka hutumwa katika mji mdogo wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, kutangaza sherehe ya tarehe 2 Februari. Siku hiyo watu hukusanyika alfajiri kumtazama mnyama wa jamii ya kindi, mnene, aishiye katika mashimo na kulala majira yote ya baridi. Wenyeji husema kwamba akitoka na kuona kivuli chake, baridi itaendelea kwa majuma sita zaidi. Phil anaichukia kazi hiyo, anauchukia mji huo, na watu wake anawaona washamba. Ameandamana na mtayarishaji mpya wa kipindi, dada mmoja mcheshi na mwema aitwaye Rita, na mpiga picha aitwaye Larry. Kazi ikiisha, dhoruba ya theluji inafunga barabara, nao wanalazimika kulala tena Punxsutawney. Phil anapoamka saa kumi na mbili asubuhi, redio inapiga wimbo wa jana. Anadhani wamekosea kanda. Anachungulia dirishani: ni tarehe 2 Februari tena. Kesho yake ni tarehe 2 Februari tena. Na tena, na tena. Watu wote wengine hawakumbuki kitu. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka.

Hapo tuvute pumzi kidogo, kwa maana tarehe hiyo si ngeni kwetu. Tarehe 2 Februari, siku ya arobaini baada ya Noeli, Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, nasi hubariki mishumaa na kuandamana nayo. Sherehe ya mnyama yule imezaliwa humo humo. Huko Ulaya watu wa kale walikuwa na desturi ya kuagulia hali ya hewa siku ya mishumaa: jua likiwaka siku hiyo, baridi bado ingaliko. Katika nchi za Wajerumani walisema kwamba mnyama fulani wa jamii ya nyegere akiona kivuli chake siku hiyo hurudi shimoni kulala. Wahamiaji wa Kijerumani walipofika Pennsylvania walikuja na mazoea yao, wakampa kazi hiyo mnyama waliyemkuta huko. Huko Punxsutawney sherehe hiyo imekuwa ikifanyika rasmi tangu mwaka 1887. Kwa hiyo Phil Connors, pasipo kujua, amefungiwa ndani ya sikukuu ya Kanisa. Tutalirudia jambo hili mwishoni, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Je, mtu afanyaje akijua kwamba kesho haitakuja, na kwamba lolote alifanyalo leo litafutika usiku? Phil anapita katika hatua ambazo kila padre aliyekaa katika kiti cha kitubio anazifahamu. Kwanza anafurahi. Hakuna deni, hakuna aibu, hakuna hukumu. Anakula meza nzima ya vitu vitamu bila kuogopa unene, anaendesha gari juu ya reli, anaiba fedha kutoka kwenye gari la benki. Anamhoji mwanamke mmoja mahali aliposoma na jina la mwalimu wake, kisha siku inayofuata anajifanya rafiki wa zamani wa shuleni, anamwahidi ndoa na kumchezea. Asubuhi hakuna anayemdai. Ni uhuru ambao vijana wengi huuota, yaani kutenda bila kulipa. Nao unamchosha upesi.

Baada ya hapo anamgeukia Rita, na hapa ndipo filamu inapokuwa darasa. Phil anatumia jioni baada ya jioni kumchunguza dada huyo. Anauliza anakunywa nini, na kesho yake anaagiza kinywaji hicho hicho kana kwamba ni chaguo lake tangu utoto. Rita anapoinua glasi, huombea amani ya dunia. Basi kesho Phil naye anaombea amani ya dunia. Rita alisomea mashairi ya Kifaransa. Mara ya kwanza Phil anamcheka, lakini kesho yake anayakariri kwa Kifaransa safi. Kila kosa analisahihisha. Mwishoni anakuwa mwanamume kamili kadiri ya orodha ya Rita, hana pengo. Na kila jioni, ifikapo saa ya kumtaka abaki chumbani, anapigwa kofi. Siku ya kwanza ni kofi, siku ya pili ni kofi, siku ya kumi ni kofi.

Ipo sehemu moja ndogo katika jitihada hizo ambayo tungependa kila kijana anayejiandaa kwa ndoa aitafakari. Jioni moja Phil na Rita wanatengeneza sanamu ya theluji barabarani, watoto wanawarushia matonge, nao wanayarusha kwa kucheka, wanaanguka chini pamoja, na kwa kitambo kidogo furaha yao ni ya kweli kabisa. Siku inayofuata Phil anataka kuirudia furaha ile. Anatengeneza sanamu kwa haraka, anayarusha matonge kwa bidii, anaanguka mahali pale pale, anacheka kwa sauti kubwa. Lakini macho ya Rita yamejaa mashaka. Jana ulikuwa mchezo. Leo ni mtego. Matendo ni yale yale, maneno ni yale yale, ila moyo umetoka ndani yake, na mwanamke yule, ingawa hakumbuki kitu, anauhisi utupu huo.

Wapendwa, tofauti ya kujua habari za mtu na kumjua mtu haijapata kuwa muhimu kama nyakati zetu hizi. Leo kijana anaweza kukaa na simu yake usiku mmoja, akapitia picha za binti na maandishi yake ya miaka mitano mitandaoni, akajua wimbo aupendao, chakula akipendacho, siku ya kuzaliwa ya mama yake. Kesho anakutana naye "kwa bahati", na kumbe kila neno amelipanga. Mabinti nao hufanya vivyo hivyo. Hatusemi kwamba ni dhambi kuuliza mwenzako anapenda nini. Mapenzi yasiyouliza ni ubinafsi. Tunasema kwamba ukiuliza ili umpate, umefanya uwindaji. Ukiuliza ili umhudumie, umeanza kupenda. Swali ni lile lile, jibu ni lile lile, tofauti imo katika nia, na nia haifichiki kwa muda mrefu. Mwindaji hodari huenda akapata alichokiwinda. Tatizo ni kwamba baada ya harusi hatakuwa na la kufanya, kwa kuwa kazi aliyoijua ilikuwa ni kuwinda tu.

Turudi kwa Phil. Aliposhindwa kwa hila, anaanguka katika giza. Anaivunja saa ya redio, anatangaza habari zake kwa sauti ya mtu aliyekufa, anamwiba yule mnyama wa sherehe na kutumbukia naye katika machimbo ya mawe ndani ya gari. Anajiua kwa njia hii na ile, na kila mara anaamka saa kumi na mbili, wimbo ukipiga. Hapa tunalo lawama la kuitolea filamu, na ni wajibu wetu kulisema. Inaupitisha msiba huo kwa kasi ya kichekesho. Mtazamaji mwenye moyo mzima atacheka na kupita. Lakini huenda pembeni yake ameketi mtu ambaye usiku wa jana aliwaza mambo hayo hayo, na kwake yeye hakuna redio itakayomwamsha. Ukimtambua mtu wa namna hiyo katika nyumba yako, usimhubirie wala usimcheke. Kaa naye, mpeleke kwa daktari, mlete kwetu, saa yoyote ile.

Lakini ugonjwa wenyewe filamu imeupima sawasawa. Wamonaki wa kale walioishi jangwani Misri waliujua, wakauita akedia, yaani uchovu wa roho. Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, alieleza jinsi unavyomshika mmonaki mchana: jua laonekana halisogei, na siku yaonekana ina saa hamsini. Kisha humfanya achukie mahali anapokaa, achukie kazi ya mikono yake, adhani kwamba upendo umekwisha miongoni mwa ndugu zake, na aanze kuota mahali pengine ambapo mambo yangekuwa rahisi zaidi. Yeyote aliyeitazama filamu hii atasema kwamba Evagrius amemchora Phil Connors. Siku isiyokwisha, mji unaochukiza, kazi isiyo na hadhi, watu wasiostahili upendo, na ndoto ya kituo kikubwa cha televisheni huko mbali.

Na tuwe wakweli: amewachora wengi wetu pia. Wanandoa huja ofisini wakituambia kwamba hakuna ugomvi, hakuna mtu wa tatu, hakuna kipigo. Ila kila siku ni ile ile. Anaamka, anauliza chai iko wapi, anaondoka, anarudi, anauliza chakula kiko wapi, analala. Sisi mapadre nasi tusijifanye malaika. Tumepita miaka ya arobaini, tumeadhimisha Misa ile ile maelfu ya mara, na zipo asubuhi ambapo kengele inalia, tunavaa alba, na midomo inasema maneno matakatifu kuliko yote duniani huku akili ikihesabu mifuko ya saruji ya nyumba ya mapadre. Zipo asubuhi tulizotamani parokia nyingine, yenye waamini wengine. Tunayaandika haya si kwa kujivuna, bali kwa sababu mgonjwa huamini zaidi dawa aliyoinywa daktari mwenyewe.

Dawa ni ipi basi? Evagrius alishauri kutokimbia: kubaki pale pale, katika chumba kile kile, na kuvumilia. Phil hana ruhusa ya kukimbia, kwa hiyo anatibiwa kwa lazima. Mageuzi yanaanza siku anapoacha hila na kumweleza Rita ukweli wote mgahawani, akimtajia kila mtu aliye ndani, jina lake na huzuni yake. Rita anakubali kukaa naye mpaka usiku, si kama mpenzi bali kama shahidi. Siku hiyo hakuna kofi, kwa kuwa hakuna kinachoombwa. Usingizi unamchukua Rita. Phil anamsomea kitabu kwa sauti ya chini na hamgusi. Asubuhi Rita ametoweka pamoja na siku yake, kama kawaida. Lakini Phil anatoka nje, na kwa mara ya kwanza mzee ombaomba wa pembeni mwa njia, ambaye kila siku alimpita akipapasa mifuko mitupu kwa uongo, anapewa fedha yote iliyomo mfukoni.

Mzee huyo ndiye ufunguo wa filamu nzima, na wengi wanamsahau. Usiku ule ule anafariki hospitalini. Phil hakubali. Siku inayofuata anampeleka mgahawani, anamlisha supu, anamwita baba, mzee anafariki. Anajaribu tena, anahangaika naye katika uchochoro wenye baridi, mzee anafariki. Mtu ambaye anaweza kurudia siku mara elfu, ambaye alikwisha kumwambia Rita kwamba yeye ni mungu wa namna fulani, hawezi kumwongezea mzee mmoja usiku mmoja. Anainua macho mbinguni, na hakuna neno. Tunaikumbuka sura hiyo kila tunapoitwa kwa mgonjwa usiku na kukuta shuka limekwisha kufunika uso. Yapo mambo ambayo bidii haiyafikii. Aliyeelewa hilo ameponywa nusu, maana amekoma kuwa mungu.

Kuanzia hapo siku ile ile inakuwa siku nyingine. Phil anajifunza piano, anajifunza kuchonga barafu. Anajua saa ambayo mabibi wazee watapasukiwa na tairi, naye yuko pale na jeki. Anajua saa ambayo mtu atapaliwa na nyama mgahawani, naye yuko nyuma yake. Anawatia moyo bibi na bwana harusi walioingiwa na wasiwasi. Na kila siku anakimbia kumdaka mtoto anayeanguka kutoka mtini. Mtoto huyo hukimbia zake bila kugeuka, na Phil hupiga kelele akimlalamikia kwamba hajapata kusema asante hata siku moja. Watazamaji hucheka hapo, nasi hucheka. Lakini wazazi waliomo kati yetu wanajua kwamba hicho ndicho kiini cha wito wao. Mtoto ataanguka tena kesho. Hatasema asante. Nawe utakuwa pale.

Tumewahi kuingia katika nyumba moja ambamo mke alikuwa akimhudumia mumewe aliyelazwa na kiharusi, mwaka wa nne ukiwa unakwenda. Kila siku kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kufua, na kumgeuza tena. Tulikwenda na Komunyo Takatifu na maneno mengi ya faraja tuliyoyaandaa njiani. Kabla hatujaketi, mama yule alitupokea mlangoni akitabasamu: "Baba Paroko, leo amemaliza uji wote." Maneno yetu ya faraja tuliyarudisha mfukoni. Katika siku ambayo sisi tungeiona ni ile ile, yeye alikuwa ameona habari mpya. Huo ndio upendo, wala hatujui namna bora zaidi ya kuueleza. Upendo ni jicho linaloona habari mpya katika siku ile ile.

Katika siku ya mwisho ya filamu Phil hamfuatilii Rita hata kidogo. Ana shughuli zake. Rita ndiye anayefika katika karamu ya jioni, anamkuta akipiga piano, na mmoja baada ya mwingine watu wanakuja kumshukuru. Rita hajui kwamba mtu huyu amerudia siku hii mara nyingi; anachokiona ni jioni tu, na jioni inamtosha. Unapofanyika mnada wa hisani, ambapo wanaume wasio na wake wananadiwa kwa mchezo, Rita anatoa fedha yote iliyomo katika akaunti yake, dola 339 na senti 88. Yule aliyeshindwa kununuliwa upendo kwa hila zake zote, sasa ananunuliwa, tena kwa hazina yote ya mwenzake. Usiku huo Phil analala kwa uchovu, akiwa amevaa nguo zake, na hakuna lililotokea. Saa kumi na mbili redio inapiga wimbo ule ule, moyo wa mtazamaji unaruka. Lakini Rita yuko pale kitandani, na dirishani theluji ni mpya. Ni tarehe 3 Februari.

Lipo pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipita. Msomaji makini atasema: huyu mtu amejiokoa mwenyewe. Amefanya mazoezi mpaka akawa mwema, na alipofuzu akafunguliwa. Je, si uzushi ule wa kale wa kudhani kwamba mwanadamu huufikia wokovu kwa nguvu zake? Tumelifikiria hilo kwa muda. Ni kweli kwamba filamu haimtaji aliyefunga mlango wala aliyeufungua. Katika andiko la awali ilikusudiwa kuwepo laana ya mwanamke aliyeachwa, lakini waandishi waliiondoa, nasi twaona walifanya vema. Kama pangekuwa na laana, pangekuwa na kanuni ya kuivunja, na Phil angeitafuta kanuni kama alivyotafuta kinywaji cha Rita. Kwa kuwa hakuna kanuni, hakuna mtihani wa kufuzu. Phil hatendi mema ili atoke. Amekwisha kuacha kuwaza kutoka. Mlango unafunguka akiwa usingizini, hafanyi kitu. Sisi Wakristo tunalo jina la jambo hilo: neema. Filamu haikulitaja, lakini imeacha nafasi yenye umbo lake.

Pingamizi jingine ni la haki. Phil alipewa miaka, Rita alipewa siku moja. Yeye anamjua Rita hadi mishipa; Rita amemjua kwa jioni moja. Hiyo si ndoa, ni mwanzo tu, na filamu inaisha pale ambapo kazi halisi ingeanza. Hapo hatuna utetezi. Tunawakumbusha tu vijana wetu kwamba tarehe 3 Februari nayo itakuwa na tarehe 4, na kwamba mtu aliyejifunza kuiishi vema siku moja amejiandaa kwa ndoa kuliko yule aliyejiandaa kwa sherehe.

Sasa tuirudie ile sikukuu. Mwinjili Luka anatusimulia kwamba siku alipotolewa Bwana, walikuwepo hekaluni wazee wawili, Simeoni na Ana. Ana alikuwa mjane wa miaka themanini na minne, asiyeondoka hekaluni, akisali na kufunga usiku na mchana. Hebu tuihesabu siku ya mama huyo. Alfajiri ile ile, ngazi zile zile, moshi ule ule wa sadaka, umati ule ule wa watu wenye haraka. Jirani zake huenda walimhurumia kwa kupoteza maisha katika siku moja isiyokwisha. Nayo asubuhi ile haikuwa na alama. Walikuja mume na mke maskini, na mtoto mchanga, na ndege wawili wa sadaka, kama walivyokuja wengine wengi. Makuhani waliona kazi ya kila siku. Wazee wawili waliona Mwanga wa Mataifa. Hawakumtambua kwa sababu siku ilikuwa tofauti. Walimtambua kwa sababu miaka mingi ya siku zinazofanana iliwafundisha kutazama.

Ndiyo maana tunathubutu kuigeuza methali ya wahenga kidogo, kwa heshima zote. Huenda siku njema huonekana asubuhi kwa wenye bahati. Kwa sisi wengine ambao asubuhi zetu zinafanana, siku njema huonekana jioni, baada ya kuangalia ni nani tuliyemdaka akianguka, na ni nani tuliyempita tukipapasa mifuko.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi kengele yetu italia kama kawaida. Nyumbani kwenu chai itaulizwa iko wapi. Mtafuteni, kila mmoja katika nyumba yake, mtu mmoja tu ambaye mmemzoea hata hammwoni tena, mkamtazame. Sisi tutaanza na mzee wetu mpiga kengele, ambaye tumempita mlangoni miaka yote hii, na ambaye, tunaona haya kukiri, hatujawahi kumuuliza anaamka saa ngapi.

Tumsifu Yesu Kristo.